WIMBO HAUACHWI NJIANI

Neno la mchungaji kwa wazazi na walimu wa watoto wadogo

Somo: Kumbukumbu la Torati 31:9-22

Wapendwa katika Bwana wetu Yesu Kristo, wa Base Camp, wa Juru na wa Rubondo, nanyi nyote mnaosoma karatasi hii hapa Nakivale,

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya watoto wetu ambao hawajafika miaka 6, wale ambao bado hawajaingia darasa la kwanza. Swali limeletwa mbele ya wazee wa kanisa: je, ni vyema watoto hawa wafundishwe neno la Mungu kwa ngoma, kwa makofi, kwa kuruka na kuzunguka? Ndugu wengine wanasema hizo ni fujo, na nyumba ya Mungu ni ya utulivu. Wengine wanasema ni kupoteza wakati, afadhali watoto wangoje mpaka wajue kusoma. Na mama mmoja alisema neno lililonigusa sana: "Mchungaji, hawa watachezaje na sisi bado tunalia?"

Maswali haya matatu ni ya haki. Hayatoki kwa watu wasiompenda Mungu. Kwa hiyo tusiyajibu kwa hasira wala kwa mazoea, bali tuyapeleke kwenye Maandiko.

1. MUNGU MWENYEWE ALIAGIZA WIMBO

Fungueni Kumbukumbu la Torati 31. Musa ana miaka 120. Anajua hatavuka Yordani. Mbele yake lipo taifa zima ambalo limekaa safarini miaka 40, na wengi wao walizaliwa njiani, hawakuiona Misri na bado hawajaiona Kanaani. Wapendwa, tunawajua watu wa namna hiyo. Tunao nyumbani mwetu. Ni watoto wetu.

Musa anaiandika torati na kuwapa makuhani. Anaagiza isomwe mbele ya watu wote, wanaume, wanawake, watoto na wageni, kila mwaka wa 7, katika sikukuu ya Vibanda (mstari wa 10 hadi 13). Na kitabu chenyewe kinawekwa kando ya sanduku la agano (mstari wa 26). Sasa fanyeni hesabu. Mtoto aliyezaliwa mwezi mmoja baada ya kusomwa kwa torati angengoja karibu miaka 7 kabla ya kuisikia katika mkutano ule. Je, katika miaka hiyo yote Mungu alimwacha mtoto huyo bila neno?

Hakumwacha. Katika mstari wa 19 Bwana anamwambia Musa aandike wimbo, awafundishe Waisraeli, auweke vinywani mwao. Na katika mstari wa 21 anatoa sababu: wimbo huo hautasahauliwa na uzao wao. Musa aliuandika siku ile ile na kuufundisha. Kitabu kilikaa penye sanduku la agano, lakini wimbo ulikwenda na kila mtu mahali alipokwenda: shambani, kisimani, kitandani, na hata utumwani.

Angalieni tena kwamba wimbo ule haukuwa wa kufurahisha masikio tu. Ulikuwa ushuhuda. Ulisimulia wema wa Mungu, ukaonya watu wasimwache. Basi yule anayesema wimbo ni mchezo wa watoto ajue kwamba Mungu aliuona kuwa chombo cha kutunza imani ya taifa zima.

Ndugu zangu, sisi tunaielewa sura hii kuliko wengi. Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katika Februari, watu walitoka na walichoweza kubeba mkononi. Wengine tulitoka miaka mingi kabla yao, kwa vita vingine, nasi tulitoka vilevile. Biblia zilibaki. Vitabu vya nyimbo vilibaki. Vyeti vya ubatizo vilibaki. Lakini muulizeni bibi yeyote aliyefika hapa na kitenge kimoja kama wimbo aliofundishwa Ekodimu akiwa na miaka 4 ulibaki. Atawaimbia wote, beti kwa beti. Hakuna askari aliyeusimamisha kwenye kizuizi ili aupekue.

2. MUNGU HUFUNDISHA MWILI PIA

Wengine watasema, "Sawa, waimbe, lakini wakae chini." Tuangalie jinsi Mungu alivyowafundisha watu wake.

Pasaka ya kwanza ililiwa watu wakiwa wamejifunga viuno, viatu miguuni na fimbo mkononi (Kutoka 12:11). Mtoto aliyekula chakula kile akiwa amevaa viatu usiku hakuhitaji maelezo marefu ili ajue kuwa ni usiku wa safari. Katika sikukuu ya Vibanda watu walitoka nyumbani mwao wakalala katika vibanda siku 7, ili vizazi vijue kwamba Mungu aliwakalisha baba zao katika vibanda (Walawi 23:42-43). Kule Yordani, watu 12 walibeba mawe 12 mabegani, ili watoto wayaone na kuuliza maana yake (Yoshua 4:1-7). Na katika Kumbukumbu la Torati 6:7 wazazi wanaagizwa kufundisha wakiketi, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Hayo ni mambo manne, na yote ni ya mwili.

Basi mtoto wa miaka 3 au 4 hujifunza kwa namna gani? Kwa mikono, miguu, macho na masikio. Ukimwambia neno "neema", halina uzito kwake. Ukimkalisha saa nzima akusikilize, baada ya dakika chache atamchokoza jirani yake, si kwa ubaya, bali kwa sababu ndivyo Mungu alivyomuumba kwa umri huo. Lakini mwambie akunje mikono kama anayembeba mtoto mgongoni, atembee polepole, huku akiimba kwamba Mungu anambeba. Hapo amepokea ujumbe wa Isaya 46:3-4, kwamba Mungu huwabeba watu wake tangu tumboni mpaka mvi. Mtoto wa mkimbizi anajua kubebwa. Alibebwa akivuka mpaka. Sasa anajua pia nani alikuwa amembeba mama yake.

Paulo anamkumbusha Timotheo kwamba aliyajua Maandiko tangu utoto (2 Timotheo 3:15). Hakungoja ajue kusoma. Bibi yake Loisi na mama yake Eunike walimtangulia katika imani hiyo (2 Timotheo 1:5). Ikiwa tutasema watoto wangoje, tukumbuke kwamba ulimwengu hauwangojei. Redio na simu haziwangojei. Matusi ya kwenye foleni ya maji hayawangojei. Mtoto atajaza kinywa chake na kitu. Ni juu yetu kuchagua kwamba kitu hicho kiwe nini.

3. JE, KUCHEZA SI MAMBO YA DUNIA?

Swali hili tusilidharau. Wazee wetu waliookoka walitoka katika ngoma za pombe na za mizimu, wana haki ya kuogopa.

Biblia inatuonyesha watu wale wale wakicheza mara mbili. Katika Kutoka 15:20, baada ya kuvuka bahari, Miriamu anachukua tari na wanawake wote wanamfuata kwa kucheza, wakimsifu Bwana aliyewaokoa. Katika Kutoka 32:19, Musa anashuka mlimani, anawakuta wanacheza mbele ya ndama wa dhahabu, na anazivunja mbao za mawe. Miguu ni ile ile. Pengine hata matari ni yale yale. Kilichobadilika ni yule waliyekuwa wakimchezea. Kwa hiyo tusiulize tu, "Je, wanacheza?" Tuulize, "Wanacheza mbele ya nani, na maneno ya wimbo yanasema nini?"

Na juu ya kelele, tusome Mathayo 21:15-16. Watoto walipiga kelele hekaluni wakimsifu Mwana wa Daudi. Waliokasirika walikuwa makuhani wakuu na waandishi. Yesu hakuwanyamazisha watoto. Aliwatetea kwa Zaburi ya 8. Wapendwa, tuwe waangalifu tusije tukajikuta tumesimama upande usio wa Bwana katika habari hiyo.

4. WATACHEZAJE NA SISI BADO TUNALIA?

Mama yetu huyu hakuuliza peke yake. Zaburi ya 137 iliuliza kabla yake. Watu waliohamishwa waliketi kando ya mito ya Babeli wakalia, wakatundika vinubi vyao mitini. Mungu hakuwakemea. Huzuni yao imeandikwa katika Neno lake mpaka leo. Lakini jambo moja la kushangaza: kilio hicho chenyewe ni wimbo. Waliimba kwamba hawawezi kuimba.

Baadaye, yapata miaka 50 tangu hekalu kubomolewa, wengine walirudi na kuweka msingi mpya. Ezra 3:12-13 inasema wazee waliokuwa wameiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, na wengine wengi walipaza sauti kwa furaha, hata watu hawakuweza kuitofautisha sauti ya kilio na sauti ya shangwe. Hakuna aliyewaambia wazee, "Nyamazeni, mnaharibu sherehe." Wala hakuna aliyewaambia wenye furaha, "Nyamazeni, hamjui tulichopoteza." Sauti zote mbili zilipanda pamoja kwa Mungu mmoja.

Hivyo ndivyo kanisa letu linavyopaswa kuwa. Wapo kati yetu walioona Fizi, Masisi, Beni na Bunia zikiwa na amani, nao wanalia. Wapo watoto waliozaliwa hapa, nao wanaruka. Mzee asiibe furaha ya mtoto, na kijana asidharau machozi ya mzee. Na wewe mama unayelia, mwache mtoto wako aimbe karibu nawe. Huhitaji kucheza. Labda siku utakayoshindwa kuomba, utamsikia akiimba kando ya jiko, na wimbo wake utakuwa maombi yako.

5. MASHAURI KWA WALIMU NA WAZAZI

Sasa nataka kusema mambo ya kutenda, maana nia njema peke yake haitoshi.

a) Wimbo mmoja, ukweli mmoja. Mistari mitatu au minne yatosha. Rudieni wimbo huo Jumapili nne au tano mfululizo. Mkubwa huchoka na marudio, mtoto huyapenda.

b) Kila kitendo kiwe na maana. Wimbo ukitaja macho, watoto waguse macho. Ukitaja njia, watembee. Kuruka kusiko na maana kunamchosha mtoto bila kumfundisha.

c) Anzeni kwa nguvu, malizeni kwa utulivu. Wakiisha kuruka, waketi, waimbe kwa sauti ya chini, kisha msimulie hadithi ya Biblia kwa dakika tano. Mtaona kwamba masikio yao yamefunguka.

d) Msitafute vyombo vya bei. Dumu tupu la maji ni ngoma. Chupa yenye mchanga au punje chache za mahindi, iliyofungwa vizuri, ni kayamba. Mwalimu akianza na watoto wakaitikia, hakuna haja ya karatasi.

e) Angalieni majeraha yao. Hadithi ya Yeriko ni neno la Mungu, lakini mtoto aliyeiona nyumba yao ikiteketea hafurahii ukuta unaoanguka kwa kishindo. Msipige dumu ghafula nyuma ya watoto. Msiwafundishe kushika fimbo kama bunduki, hata kama wimbo ni wa jeshi la Bwana. Kwa umri huu waanzishieni mchungaji na kondoo, safina, mikate mitano, na Yesu aliyewakumbatia watoto (Marko 10:16).

f) Msimlazimishe mtoto anayekaa pembeni. Wapo waliofika juzi ambao hawasemi. Mpeni kayamba ashike, au nafasi kando ya mama anayemfahamu. Kutazama nako ni kujifunza. Ikiwa miezi inapita na bado hasemi, hali, au analia usiku, mshaurini mzazi ampeleke kituo cha afya. Maombi na matibabu havigombani.

g) Mtoto mlemavu asiachwe nyuma. Asiyetembea ataimba kwa mikono. Asiyesikia ataimba kwa vitendo, na hapo vitendo vyenu vitakuwa mahubiri yake yote; vifanyeni vizuri.

h) Imbeni pia kwa lugha za nyumbani. Wimbo uleule wa Kiswahili mwaweza kuuimba kwa Kibembe, Kifuliiru, Mashi, Kinande, Kinyarwanda au Kirundi. Mtoto atajua kwamba Mungu anaielewa lugha ya bibi yake. Tena akimsikia jirani yake akimwimbia Yesu kwa lugha ile ambayo nyumbani ameambiwa ni ya adui, amepata mahubiri ambayo sisi wakubwa tunashindwa kuyahubiri.

i) Msiwachezeshe watoto kwa ajili ya wageni. Babeli nao waliomba waimbiwe nyimbo za Sayuni ili wajifurahishe. Mgeni akija ibadani na kuwakuta watoto wanamsifu Mungu, karibu sana. Lakini tusiwapange mstari, wenye njaa, wacheze ili tupigwe picha. Sifa ni ya Bwana, haiuzwi hata kwa gunia la unga.

6. KAZI YA WIKI INAANZIA NYUMBANI

Jumapili ina saa chache tu. Siku sita zilizobaki ziko mikononi mwa wazazi. Najua hali yetu. Mwaka 2025 wakimbizi wengi hapa Uganda waliondolewa katika mgao wa chakula, na kuna jioni ambapo mzazi hana nguvu hata ya kusimulia hadithi. Ndiyo maana nasema juu ya wimbo. Hauhitaji taa wala mafuta. Mama akiwa kwenye foleni ya bomba, baba akipalilia mahindi, dada akimwogesha mdogo wake, wimbo unaweza kuimbwa bila kazi kusimama.

Nimewaandikia mmoja mfupi, waalimu watautia sauti wenyewe:

Mungu aliniona kwetu, (mkono juu ya macho)
Mungu aliniona njiani, (tembea mahali ulipo)
Mungu ananiona hapa, (gusa ardhi)
Hajalala, hajalala! (tikisa kichwa, kisha fungua mikono)

Mtaona kwamba ni ujumbe wa Zaburi ya 121. Zaburi hiyo ni moja ya nyimbo 15 za kupanda, kuanzia ya 120 mpaka ya 134, ambazo inaaminiwa mahujaji waliziimba wakienda Yerusalemu. Zilikuwa nyimbo za miguuni. Na Luka 2:41-42 inatuambia kwamba Yusufu na Mariamu walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka. Yesu mwenyewe alikulia katika nyumba ya watu waliotembea na kuimba.

Tena Bwana wetu aliwahi kuwa mtoto mdogo katika nchi ya ugenini (Mathayo 2:13-15). Maandiko hayasemi Mariamu alimwimbia nini kule Misri. Lakini tunajua alikuwa mwanamke mwenye wimbo, maana Luka 1 imetuandikia jinsi alivyomtukuza Mungu anayeshusha wenye nguvu na kushibisha wenye njaa. Siamini kwamba wimbo huo aliuacha mpakani.

Kwa hiyo shauri langu kwa wazee, kwa unyenyekevu, ni hili. Tusiwatoe watoto nje wakaketi chini ya mti kama watu wasiohusika. Tuwape nafasi mwanzoni mwa ibada, waimbe mbele ya Mungu pamoja nasi, kisha waende na walimu wao wapate hadithi yao. Na walimu wayalete maneno ya kila wimbo mpya kwa wazee, yapimwe kwa Neno. Hivyo utaratibu utalindwa, na watoto hawatazuiwa.

Siku moja vita vitakwisha, na wengine watarudi. Wengine watapelekwa nchi za mbali. Wengine tutazikwa hapa. Hatujui ni nani kati ya watoto hawa atakayekwenda wapi, wala atakuwa na Biblia ya lugha gani, au kama atakuwa nayo. Tumpe basi kitu ambacho hakitaachwa njiani.

TUJADILIANE NYUMBANI

1. Ni wimbo gani wa kwanza wa imani unaoukumbuka? Nani alikufundisha? Mwimbie mtoto wako leo jioni.
2. Someni Ezra 3:10-13. Katika nyumba yetu nani analia, na nani anafurahi? Tunawezaje kuvumiliana?
3. Mtoto wetu anaimba nini anapocheza peke yake? Maneno hayo yalitoka wapi?

TUOMBE

Ee Bwana, uliyembeba Israeli jangwani na kumhifadhi Mwanao Misri, weka wimbo wako katika vinywa vya watoto wetu. Ponya waliojeruhiwa, fungua vinywa vilivyofungwa na hofu, utufundishe sisi wakubwa kumsifu Mwanao kama wao. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.

Ni mimi mchungaji wenu, mkimbizi mwenzenu